Nyumba Mpya, Barabara ya Zamani: Kupima Hatari za Usafiri Kabla Mtaa Haujajengwa Bukoba na Muleba

Ajali ya barabarani humfikia mhudumu wa afya ikiwa imekwisha kutokea. Mfupa umevunjika, damu imemwagika, na kazi iliyobaki ni kuokoa kinachookoleka. Lakini nyingi ya ajali hizo huandaliwa miaka kadhaa kabla, siku ramani ya viwanja inapochorwa na kuamuliwa njia ya gari ielekee wapi, mtoto avukie wapi na lori la mchanga lipite saa ngapi. Siku hiyo daktari hayupo, na mara nyingi jirani wa eneo hilo naye hayupo.

Somo hili linahusu siku hiyo. Limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa Bukoba na Muleba, pamoja na wagonjwa na wananchi wanaosikia kwamba karibu nao patajengwa mtaa mpya wa nyumba na kujiuliza barabara yao itakuwaje.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji aweze:

1. kueleza kwa nini mpango wa nyumba ni suala la afya ya jamii;
2. kukadiria, kwa hesabu nyepesi, mabadiliko ya hatari barabarani;
3. kugeuza hofu ya majirani kuwa maswali yanayojibika;
4. kufahamu ni mamlaka ipi inayopaswa kuulizwa swali lipi;
5. kumhudumia majeruhi katika dakika za mwanzo.

Nyumba zinahitajika

Tuanze kwa haki. Mkoa wa Kagera ulikuwa na watu wapatao milioni 2.46 katika Sensa ya mwaka 2012, na karibu milioni 3 katika Sensa ya mwaka 2022. Watu hawa wanahitaji pa kulala. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba na wilaya jirani, likaua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia na kubomoa nyumba nyingi. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato nazo ziliharibiwa vibaya. Aliyelala chini ya turubai katika mvua za Bukoba hahitaji kuelezwa thamani ya ukuta imara. Nyumba yenye hewa na nafasi hupunguza pia maambukizi ya kifua kikuu na maradhi mengine ya mfumo wa hewa.

Kwa hiyo swali la somo hili si kama nyumba zijengwe au zisijengwe. Swali ni nani atakayelipa gharama ya usalama: mradi, kwa kuweka njia za miguu na vivuko mapema, au mtoto wa jirani, kwa mguu wake.

Sura ya makazi yetu

Mpango ulionakiliwa kutoka Dodoma au Dar es Salaam hauwezi kuingia Kagera bila kurekebishwa, kwa sababu makazi ya Buhaya yana sura yake. Kwa desturi nyumba hukaa ndani ya kibanja, katikati ya migomba na mibuni. Kati ya kibanja na kibanja hupita njia nyembamba za miguu, na baina ya kijiji na kijiji hutanda rweya, yaani uwanda wa nyasi uliotumiwa na wengi kwa malisho na kwa kukata nyasi za kuezekea na kutandaza mashambani.

Mradi wa nyumba unapotafuta ardhi iliyo wazi, macho huelekea rweya. Ardhi hiyo huonekana tupu katika ramani, lakini kwa miguu haiko tupu. Inakatwa na njia za wanafunzi, za akina mama wanaokwenda kliniki, na za wazee waendao kanisani, msikitini au sokoni. Barabara mpya ikipita juu ya njia hizo, kila makutano huwa kivuko, hata kama hakuna aliyekichora.

Mambo mengine matatu huongeza hatari. Kwanza, migomba iliyokaribiana na barabara humficha mtembea kwa miguu hadi hatua ya mwisho. Pili, Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, na barabara ya udongo ikilowa huwa na utelezi, hivyo breki huchelewa kuzaa matunda. Tatu, ardhi ina miinuko na mabonde, na gari lenye mzigo likiteremka huongeza kasi bila dereva kukanyaga mafuta. Katika Manispaa ya Bukoba lipo pia bonde la Mto Kanoni, ambao hufurika. Mtaa mpya wenye mapaa na sakafu nyingi hupeleka maji zaidi bondeni, na maji yakifunika daraja au kalvati, barabara ya hospitali hufungwa.

Mwendo na mwili wa binadamu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walifariki duniani kutokana na ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya waliofariki ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki, yaani watu ambao mwili wao hauna bati la kuukinga.

Chanzo cha madhara ni nguvu ya mwendo inayohamia mwilini. Nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa kasi: chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara 4 ya kile kinachokwenda kilomita 30. Mfupa wa paja, wengu na ubongo havina namna ya kujadiliana na hesabu hiyo.

Fikiria pia umbali wa kusimama. Dereva wa kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Akitumia sekunde 1 kutambua hatari na kukanyaga breki, kisha gari lipunguze mwendo katika lami kavu, atasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa kilomita 30 atasimama ndani ya mita 13 hivi. Mtoto aliyetokea ghafla mita 20 mbele ya gari la kwanza atagongwa, ilhali lile la pili litakuwa limesimama. Barabara ikiwa na matope, umbali huo hurefuka zaidi.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watembea kwa miguu huchanganyika kila siku. Kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi nchini Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Kibao peke yake hakitoshi. Tuta, barabara iliyobanwa na kivuko kilichoinuliwa humlazimisha dereva kupunguza mwendo hata askari asipokuwapo.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano wa kufundishia usiohusu mradi wowote mahsusi. Panapendekezwa nyumba 100 kwenye rweya, kati ya shule ya msingi na zahanati. Barabara ya sasa, katika saa yenye shughuli nyingi asubuhi, hupitisha vyombo 12 vya moto, yaani kimoja kila dakika 5.

Tukichukulia kwamba kila kaya itafanya safari 5 za pikipiki au gari kwa siku, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbalimbali, mtaa mpya utazalisha safari 500. Sehemu moja ya kumi ikiangukia saa ile ya asubuhi, ni safari 50. Ukijumlisha na 12 za awali, utapata 62, yaani chombo kimoja karibu kila dakika moja.

Sasa mtazame anayevuka. Barabara ina upana wa mita 6. Mtoto atembeaye mita 1 kwa sekunde anahitaji sekunde 6. Mzee mwenye maumivu ya goti, atembeaye nusu mita kwa sekunde, anahitaji sekunde 12. Katika sekunde hizo 12 chombo cha kilomita 50 kwa saa husafiri mita 167. Cha kilomita 30 husafiri mita 100. Maana yake ni kwamba mzee huyo, ili avuke salama bila kutegemea huruma ya dereva, lazima aweze kuona mita 167 za barabara kila upande. Ikiwa kona yenye migomba iko mita 60 kutoka pale, kivuko hicho ni mtego, na kuhamishwa kwake au kupunguzwa kwa mwendo si anasa.

Takwimu za mfano zibadilishwe kwa hesabu za eneo lenu. Kinachohitajika ni saa, daftari na watu wawili wavumilivu. Hesabuni siku ya kawaida, siku ya gulio na siku ya mvua. Andikeni pikipiki, michomoko, mabasi, malori, baiskeli na watembea kwa miguu kila kundi peke yake, na watoto watengwe na watu wazima. Pimeni kwa hatua umbali unaoonekana kila upande wa kivuko.

Muleba inajua thamani ya kupima. Utafiti uliofanyika wilayani humo na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO viliwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri zaidi kuliko vya kawaida, na dunia ikabadili mwongozo wake. Nidhamu hiyohiyo ya kuhesabu inaweza kutumika barabarani.

Kipindi cha ujenzi

Mara nyingi majadiliano huhusu mtaa ukiwa umekamilika, wakati hatari huanza siku tipa la kwanza la mawe linapofika. Malori hurudi nyuma mahali ambapo watoto hucheza, na dereva aliyekaa juu hawaoni walio karibu na magurudumu. Vumbi huamsha pumu na kuwasumbua wenye maradhi ya mapafu. Mashimo ya kuchimbia udongo na kokoto hujaa maji, na yasipofukiwa huwa mazalia ya mbu katika wilaya ambazo malaria ni adui wa siku nyingi, na watoto huweza kuzama humo.

Masharti ya kuombwa ni mepesi: malori yasipite wakati wanafunzi wanakwenda na kutoka shule, awepo mtu wa kuongoza lori linaporudi nyuma, mzigo ufunikwe, barabara imwagiwe maji wakati wa kiangazi, mashimo yazungushiwe uzio na kufukiwa kazi ikiisha. Masharti haya yaandikwe katika mkataba wa mkandarasi. Ahadi ya mkutanoni husahaulika.

Vipindi vitatu vya ajali

William Haddon, daktari wa Marekani, alifundisha kwamba ajali itazamwe katika vipindi vitatu: kabla, wakati na baada, na katika kila kipindi tumtazame mtu, chombo na mazingira.

Kabla ya ajali, mazingira ni njia ya miguu, mwanga, kona iliyofyekwa na tuta. Mtu ni mtoto aliyefundishwa mahali pa kuvukia. Chombo ni pikipiki yenye breki na taa. Wakati wa ajali, kofia ngumu iliyofungwa vema hupunguza sana uwezekano wa kuumia ubongo, na mwendo mdogo hupunguza ukali wa jeraha. Baada ya ajali, kinachookoa ni msaada wa jirani, njia ya kupita gari la wagonjwa, na hospitali iliyo tayari.

Watu wengi husimama kwenye kisanduku kimoja tu: "madereva wa bodaboda hawana nidhamu." Hata kama lawama hiyo ina ukweli, inaacha visanduku vinane bila mtu. Jijini Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend wa kuboresha maeneo ya shule kwa njia za miguu, matuta na vivuko ulipunguza majeraha ya watoto, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI ya miji. Walibadili mazingira, na tabia za madereva zikafuata.

Njia ya mgonjwa

Kila mpango wa nyumba uulizwe: mgonjwa atapitaje? Majeruhi wa Muleba anaweza kupelekwa Rubya, Ndolage au Kagondo. Wa Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na mwenye jeraha kubwa la kichwa huenda akahitaji Bugando, Mwanza, safari ndefu ya kuzunguka ziwa. Mtaa mpya wenye lango moja tu la kutokea, lililobanwa na vibanda na pikipiki zilizoegeshwa, humchelewesha pia mama mjamzito anayevuja damu. Njia ya pili ya kutokea, hata ikiwa ya changarawe, ni sehemu ya huduma ya dharura.

Kutoka hofu hadi swali

Katika mikutano ya mtaa na kijiji, hofu huja ikiwa imechanganyika. Kuna hofu ya magari, hofu ya kupoteza malisho na njia, hofu ya wezi, na mara nyingine hofu ya mgeni kwa sababu tu ni mgeni. Mhudumu wa afya anaheshimiwa na pande zote, naye asiitumie heshima hiyo kupamba chuki wala kunyamazisha malalamiko. Kazi yake ni kuchambua: jambo lipi linapimika, na lipi ni tuhuma?

Mtu akisema, "Magari yatatumalizia watoto," aulizwe: wanafunzi wangapi huvuka hapa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, na mradi utaweka kivuko cha namna gani? Akisema, "Vumbi litatuua," aulizwe: nani atamwagia maji barabara, mara ngapi kwa siku, na nani atasimamia? Akisema, "Wageni wataleta uhalifu," tujadili taa za barabarani na ulinzi shirikishi, mambo yatakayowanufaisha wenyeji na wageni kwa pamoja. Aliyehamia jana naye atavuka barabara ileile, na mtoto wake atakaa dawati moja na wa mwenyeji.

Swali lililoandikwa lipelekwe kwa anayehusika. Mtendaji wa kijiji au mtaa na diwani hupokea hoja za wananchi. Ofisi ya mipangomiji ya halmashauri husimamia mpango wa eneo chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Bukoba kwenda Muleba na Biharamulo, husimamiwa na TANROADS, na barabara za wilaya na mitaa husimamiwa na TARURA. Hao ndio wa kuulizwa kuhusu maingilio, matuta na vivuko. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ililinda hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na eneo hilo si la vibanda. Kwa miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004, maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini yenyewe. Anayetoa maoni yake wakati huo hamfanyii mtu fujo.

Wakati mwafaka ni kabla ya mawe ya mipaka kuzikwa. Kuhamisha mstari kwenye karatasi ni kazi ya kalamu. Kuhamisha barabara iliyojengwa ni kazi ya mamilioni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wajibu wa kituo cha afya

Rejesta za MTUHA zina hazina ambayo hufunguliwa mara chache kwa ajili ya barabara. Mganga mfawidhi anaweza kuagiza kwamba kila majeruhi wa ajali aandikiwe mahali halisi ilipotokea, saa, aina ya chombo, na kama alikuwa akitembea, akiendesha au akibebwa. Baada ya miezi 12, kituo kitakuwa na ramani ya maeneo hatari. Majina ya wagonjwa yasitoke nje ya kituo. Hesabu pekee ndizo ziwasilishwe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo na kamati ya maendeleo ya kata.

Mgonjwa naye ana sauti. Anayetembelea magongo au kiti cha magurudumu, asiyeona vizuri, mwenye kifafa, na mama mwenye mimba kubwa, hawa ndio wapimaji bora wa njia. Mahali wanapopita salama, kila mtu atapita salama. Wakaribishwe mkutanoni, na waulizwe wanapata shida wapi.

Dakika za mwanzo za majeruhi

Ajali ikitokea, jirani ndiye mhudumu wa kwanza. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Barabarani ni vivyo hivyo. Fuata hatua hizi:

1. Zuia ajali ya pili: simamisha magari pande zote mbili.
2. Piga simu 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto na uokoaji, na ujulishe kituo cha afya kilicho karibu.
3. Kandamiza kwa nguvu jeraha linalotoka damu, kwa kitambaa safi, bila kuachia.
4. Usimkalishe wala kumkunja aliyeumia shingo au mgongo. Ainuliwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, alazwe juu ya ubao. Pikipiki isitumike kumbeba.
5. Asiyejitambua usimpe maji wala chakula. Hakikisha njia ya hewa iko wazi.
6. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake, lakini kuokoa maisha hutangulia. Anayevuja damu ahudumiwe, fomu ifuate.

Maswali ya kujipima

1. Katika njia ya kwenda kituo chako cha afya, ni wapi mzee hawezi kuona mita 100 kila upande kabla ya kuvuka?
2. Jaza visanduku 9 vya Haddon kwa ajali moja iliyohudumiwa kituoni kwako. Ni visanduku vingapi vingeweza kubadilishwa na mpango mzuri wa eneo?
3. Taja malalamiko mawili ya majirani uliyowahi kuyasikia, kisha uyaandike upya kama maswali yenye kipimo.
4. Je, barabara iliyo mbele ya kituo chako iko chini ya TANROADS au TARURA, na ofisi yao iko wapi?

Hitimisho

Mtaa wa nyumba huishi miaka 50 na zaidi. Mtoto atakayezaliwa humo atajifunza kutembea, atakwenda shule, ataugua, atazeeka, na kila hatua ya maisha yake itapita kwenye njia zilizochorwa na watu ambao hatawajua. Mhudumu wa afya aliyeketi kwenye mkutano wa kijiji akiwa na daftari la hesabu za asubuhi mbili amefanya kazi ya tiba, ingawa hakushika sindano wala bandeji. Safari nyingine mtakaposikia kwamba rweya ya jirani imepimwa viwanja, msisubiri majeruhi wa kwanza. Nendeni mkahesabu.